Breki Kwanza, Mwendo Baadaye: Kuliandaa Gari la Kila Siku kwa Uwanja wa Mbio

(Mada iliyotolewa mbele ya wamiliki wa magari)



Nimetumwa na mamlaka nizungumze nanyi juu ya jambo linalogusa mifuko ya watu na uhai wao pia: namna ya kuliandaa gari la matumizi ya kawaida, na hasa breki zake, kabla ya kulipeleka katika uwanja wa mbio. Sizungumzii magari ya mashindano yenye timu na mafundi wake. Nazungumzia gari ambalo Jumamosi mwenye nalo hulipa ada na kuliendesha uwanjani kwa mwendo asioruhusiwa kuutumia barabarani, na Jumatatu asubuhi gari hilohilo linapeleka watoto shule. Hapo ndipo ulipo uzito wa mada hii. Upungufu wa maandalizi haubaki uwanjani. Hurudi nyumbani pamoja na gari.

Siku za namna hiyo zipo katika nchi nyingi. Uwanja wa Kyalami, ulio kati ya Johannesburg na Pretoria, una mzunguko wa kilomita 4.5 hivi. Nordschleife ya Nürburgring huko Ujerumani ina kilomita 20.8, na wageni wanapofunguliwa huingia kama waingiao katika barabara ya kulipia, chini ya sheria za barabara za nchi ile. Viwanja hutofautiana, lakini kazi inayozipata breki ni moja.

Tuanze na kazi hiyo. Breki haziondoi mwendo. Huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 80 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 345 hivi. Likifika kilomita 160 kwa saa, nishati haiwi mara mbili bali mara nne, yaani kilojuli 1,380. Joto la kiasi hicho latosha kuchemsha lita nne za maji zilizokuwa na nyuzijoto 20. Uwanjani joto hilo huingia katika diski na pedi kwa sekunde chache tu, kisha hurudiwa kwenye kona inayofuata, na kwenye mzunguko unaofuata, kabla diski hazijapoa. Mtu anayeshuka Mlima Kitonga huambiwa atumie gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Uwanjani injini husaidia kidogo sana. Mzigo karibu wote ni wa breki.

Breki zikizidiwa na joto hushindwa kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha kwa mguu. Njia ya kwanza ni pedi kupoteza msuguano: pedali inabaki ngumu chini ya mguu, unaikanyaga kwa nguvu, lakini gari halipungui mwendo inavyostahili. Njia ya pili ni mafuta ya breki kuchemka: pedali inakuwa laini, kisha inazama kuelekea sakafuni. Mafuta yakiwa kimiminika hayabanwi, na ndiyo maana husafirisha nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Nguvu ya mguu wako huishia katika kubana mvuke, wala haifiki kwenye pedi. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa huweza kutokea ghafla baada ya mizunguko kadhaa ambayo breki zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo ya maandalizi aanze na mafuta ya breki. Mafuta ya kawaida ya jamii ya glaikoli hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana viwango hutaja namba mbili: mafuta yakiwa makavu, na yakiwa yameshanyonya maji kwa kiasi cha asilimia 3.7 hivi. DOT 3 haipaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 205 ikiwa kavu, na 140 ikiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazameni jambo hili: DOT 5.1 iliyozeeka huchemka mapema kuliko DOT 3 iliyotoka kufunguliwa. Upya wa mafuta una uzito kuliko namba iliyo juu ya chupa. Kwa sisi tunaoishi katika hewa yenye unyevu mwingi wa pwani, hoja hiyo ina nguvu zaidi.

Namba moja inawapoteza wengi. DOT 5, isiyo na nukta moja mbele yake, ni mafuta ya silikoni. Hayachanganyiki na hayo mengine, na hayafai kumiminwa katika mfumo ulioundwa kwa glaikoli. Fuateni maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki ndani ya boneti. Na asije mtu akawashawishi kuweka mafuta ya injini au ya pawa stelingi kwa kuwa ya breki yameisha dukani. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira ya ndani ya mfumo, na uharibifu wake hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya chupa moja.

Mnunuzi adai chupa iliyofungwa, yenye muhuri kamili, jina la mtengenezaji, aina ya mafuta na namba ya toleo vinavyosomeka. Asikubali mafuta yaliyopimwa kutoka kopo lililokwisha kufunguliwa, hata akipunguziwa bei. Rangi si kipimo: mafuta mazuri na mabaya huweza kufanana machoni. Katika gereji mwombe fundi afungue chupa mbele yako, atoe mafuta yote ya zamani, kisha atoe upepo gurudumu kwa gurudumu kwa mpangilio wa mtengenezaji wa gari. Magari yenye ABS huenda yakahitaji utaratibu maalumu. Muulize kama anaufahamu. Kazi ikiisha, washa injini na ushikilie pedali kwa nusu dakika. Ikizama polepole, gari lisiondoke.

Jambo la pili ni pedi. Pedi si kipande cha kusugua tu. Ni kizuizi kati ya diski inayowaka na pistoni iliyojaa mafuta. Kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo joto linavyofika upesi kwenye mafuta. Pedi ambayo fundi ataisema bado ina miezi mitatu ya matumizi mjini haina siku moja ya uwanjani. Tunashauri pedi zibakiwe na zaidi ya nusu ya unene wake.

Kuhusu aina ya pedi, hapa ndipo maduka yanapouza maneno mengi. Pedi za mashindano zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa na moto mkali. Zikiwa baridi, nyingi hushika vibaya, hupiga kelele na hula diski. Mtu akizifunga na kuziacha, breki yake dhaifu kuliko zote itakuwa ile ya kwanza ya asubuhi, pale mtoto anapovuka barabara mbele ya lango la shule. Kwa gari linalotumika kila siku, chagueni pedi zilizokusudiwa barabara lakini zenye uwezo wa kustahimili joto kubwa, au mfunge za mashindano siku ile na kuzitoa kabla ya kurudi barabarani. Pedi za kubadilishia zilizopimwa kwa Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na alama ya herufi E ndani ya duara. Alama hiyo yathibitisha kwamba utendaji wake umekaribiana na wa pedi za awali za gari. Haithibitishi kwamba zinafaa kwa mbio. Muuzaji anayeitumia kuthibitisha hilo anawapotosha.

Pedi mpya huhitaji kuzoezwa. Fuateni karatasi ya mtengenezaji. Kwa kawaida ni kupunguza mwendo mara kadhaa mfululizo mahali salama pasipo na msongamano, bila kusimama kabisa, kisha kuziacha zipoe gari likitembea. Anayefunga pedi asubuhi na kuingia uwanjani saa hiyohiyo anajitafutia matatizo.

Diski nazo zikaguliwe. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe. Fundi aupime kwa kifaa, asiukadirie kwa kidole. Ufa uliofika ukingoni ni sababu ya kutupa diski, hakuna mjadala. Diski zilizotobolewa kwa urembo ni gharama ambayo wengi wangeiacha. Mipira ya breki itazamwe kama imepasuka au kuvimba.

Breki nzuri husimamisha gurudumu. Linalosimamisha gari ni tairi. Someni tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Someni pia herufi ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Magari mengi yaliyotumika huko Japani hufika na matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini na mara nyingi yana herufi Q. Hayo hayafai uwanjani, na kwa joto la nchi yetu hayafai hata barabarani. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, na nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya mizunguko ya kwanza.

Siku yenyewe, ondoeni ndani ya gari kila kisichofungwa, pamoja na zulia la chini ya miguu ya dereva, ambalo huweza kuteleza chini ya pedali. Mzunguko wa kwanza uwe wa kupasha moto, ya katikati iwe michache, na wa mwisho uwe wa polepole ili hewa ipooze diski. Mkisimama, msikanyage breki wala kuvuta breki ya mkono diski zikiwa za moto. Wekeni gia, au P kwa gari la otomatiki, na kigingi chini ya tairi. Pedali ikilainika, kipindi kimekwisha: ipige haraka mara kadhaa, shusha gia, toka. Kusubiri ipoe na kurudi tena hakufai, kwa sababu mafuta yaliyochemka yamekwisha kuingiza mvuke na lazima yabadilishwe.

Kabla ya kurudi nyumbani, rudisheni upepo wa matairi, tairi la akiba na jeki, mkague unene wa pedi, na mjaribu breki kwa mwendo mdogo ndani ya eneo la uwanja. Ziko ajali ambazo chanzo chake ni safari ya kurudi, si mbio.

Sasa haki na wajibu. Someni mkataba wenu wa bima kabla ya kulipa ada ya uwanja. Mikataba mingi ya bima ya magari huondoa waziwazi hasara itokanayo na mbio au majaribio ya mwendo. Mwombeni wakala awajibu kwa maandishi, kwa kuwa neno la mdomo halilipi gari. Soma pia fomu ya uwanja unayotia saini: inasema nani atalipa uzio utakaovunjika.

Dukani na gereji, daini risiti inayotaja jina na aina ya kipuri, na hati ya kazi inayoonyesha kilichofanyika na tarehe yake. Chukueni vipuri vya zamani vilivyotolewa. Tunzeni boksi na chupa tupu. Bila vitu hivyo, malalamiko ya bidhaa bandia huwa ni neno la mmoja dhidi ya mwenzake. Tukiwa navyo, tunaweza kuifuatilia bidhaa mpaka kwa aliyeiingiza. Na siku utakapoliuza gari hilo, mweleze mnunuzi kwamba liliwahi kukimbizwa uwanjani. Haki unayoidai dukani ndiyo anayokudai yeye.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Gharama ya chupa ya mafuta mapya, pedi nene na saa mbili za fundi mwaminifu ni ndogo mno kando ya bei ya gari. Asiyeimudu gharama hiyo mwezi huu aahirishe. Uwanja utakuwepo mwezi ujao.