Kufukia na Kuzika: Ndugu katika Visa vya Dini



Mbegu, mfereji na takataka tunafukia. Mtu tunamzika. Ukisikia mtu akisema kwamba jirani yake "alifukiwa tu", hiyo si habari ya msiba, ni shutuma: hakuoshwa, hakuombewa, hakuliliwa. Saikolojia ya kina, elimu inayochimbua yale ambayo nafsi imejificha yenyewe, imetufundisha mengi kuhusu kufukia. Visa vya ndugu katika vitabu vya dini vinakwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo mada yangu jioni hii.

Chukueni mauaji ya kwanza. Suratul Maida, aya ya 27 hadi ya 31, ina tukio ambalo kitabu cha Mwanzo hakina. (Aya zenyewe hazitaji majina; Kabili na Habili, yaani Kaini na Abeli wa Mwanzo, tumewapata kwa wafasiri.) Mmoja wa wana wa Adamu amekwisha kumuua mwenzake, na sasa ana maiti ambayo hajui aifanyeje. Mungu anamleta kunguru, anafukuafukua ardhi ili amwonyeshe namna ya kumsitiri nduguye. Angalieni mpangilio wa maneno. Baada ya kuua, muuaji anahesabiwa kati ya waliopata hasara. Anapomwona kunguru ndipo anahesabiwa kati ya wenye majuto. Damu haikumtoa majuto. Wajibu wa kumsitiri ndugu ndio uliomtoa. Nimezisoma aya hizi mara nyingi, na kila mara hunisimamisha hapo.

Sigmund Freud naye alikuwa na mdogo wake, Julius, aliyefariki Aprili 1858 akiwa mtoto mchanga, Sigmund mwenyewe akiwa hajatimiza miaka miwili. Tarehe 3 Oktoba 1897, akiwa na miaka 41, Freud alimwandikia rafiki yake Wilhelm Fliess kwamba alimpokea mdogo huyo kwa wivu na kumtakia mabaya, na kwamba kifo chake kilimwachia mbegu ya kujilaumu. Siku 12 baadaye, katika barua nyingine kwa Fliess huyohuyo, alieleza wazo lake juu ya Oedipus: mtoto anayempenda mama na kumwonea baba wivu. Tangu hapo baba akajaa kila mahali. Hata katika Totem und Tabu cha 1913, ndugu wanapotokea, wameungana kumuua baba. Kwa maoni yangu, Julius alifukiwa mara ya pili, safari hii chini ya nadharia.

Carl Gustav Jung, Mswisi aliyeshuka Mombasa mwaka 1925 akapanda hadi Mlima Elgon na kuwauliza wazee habari za ndoto zao, ndiye aliyetupa neno linalomfaa Kaini: kivuli. Ni ule upande wetu tunaoukataa, kisha tukamtwika mtu mwingine na kumchukia kwa ajili yake. Kwa msomaji wa Jung, mkulima na mchungaji, Esau mwenye nywele mwili mzima na Yakobo aliye laini, ni nafsi moja iliyopasuka. Nimeufundisha usomaji huu miaka mingi na bado nauheshimu. Lakini ukimfanya Abeli kuwa kipande tu cha nafsi ya Kaini, habaki na mwili wa kuzikwa.

Leopold Szondi hakuweza kuisahau miili. Daktari huyu Myahudi wa Hungaria alipelekwa kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1944, na Desemba mwaka huohuo akafika Uswisi. Kitabu chake juu ya Kaini kilitoka 1969, na cha Musa 1973. Alishikilia kwamba Kaini yumo ndani ya kila mmoja wetu, na kwamba kutoka katika ghadhabu hiyohiyo anaweza kuzaliwa mtoa sheria. Someni Kutoka sura ya 2: Musa anamuua Mmisri, anamfukia mchangani. Mikono iliyofukia ndiyo iliyobeba baadaye amri ya kutoua.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Yakobo. Alichukua kwa hila baraka ya Esau, pacha wake, akakimbia, akakaa miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Usiku wa kuamkia siku ya kukutana, kwenye kivuko cha Yaboki, anapigana mweleka na mtu asiyemjua hadi alfajiri, anatoka akichechemea na jina jipya. Kwa jicho la Jung peke yake, kazi imekwisha. Lakini kunakucha, na Esau mwenyewe anakuja na watu 400. Yakobo anasujudu mara 7. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wanalia. Kisha Yakobo anamsihi apokee mifugo yake, na kwa Kiebrania zawadi hiyo inaitwa kwa neno lilelile la baraka aliyoiiba. Mweleka wa usiku ulimpa ujasiri wa kwenda. Deni lenyewe lililipwa mchana, kwa mtu mwenye uso.

Hawakuhamia nyumba moja. Siku hiyohiyo Esau alishika njia ya Seiri, Yakobo akaelekea Sukothi. Wanatajwa tena bega kwa bega mwishoni mwa Mwanzo sura ya 35, Isaka alipofariki akiwa na miaka 180. Waliomzika ni wanawe, Esau na Yakobo.