Masomo ya Mtumishi Nayo Yahame



Mtumishi wa Serikali huhamishwa kwa barua moja. Leo yuko Kibaha, mwezi ujao anatakiwa kuripoti Mpanda. Cheo chake humfuata, mshahara wake humfuata, na michango yake ya pensheni haikatiki kwa sababu ya safari hiyo. Kitu kimoja tu hakina uhakika wa kufika salama, nacho ni miaka aliyokwisha kusoma chuo kikuu. Mwalimu aliyemaliza mwaka wa pili wa shahada akiwa katika kituo chake cha zamani, akiomba kuendelea katika chuo kingine anachoweza kukifikia kutoka huku, huenda akajikuta akiambiwa aanze tena mwaka wa kwanza.

Mkoa wa Katavi ulitengwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na mkoa mchanga hujengwa kwa kiasi kikubwa na watumishi waliotoka mbali. Kwa hiyo jambo hili ni la hapa hapa Mpanda, wala si la wasomi wa Dar es Salaam peke yao.

Ajabu ni kwamba kipimo kipo tayari. Kwa mujibu wa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo saa za darasani, za maabara na za mwanafunzi kujisomea mwenyewe. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Mwanafunzi anayerudishwa mwaka mzima hunyang'anywa saa 1,200 za jasho lake. Wakulima wa mahindi wa mkoa huu wanaielewa dhuluma ya namna hiyo bila kufundishwa, kwani wanaijua lumbesa: gunia limejaa na kushonwa, lakini mnunuzi anataka lijazwe tena juu ya mdomo ndipo alihesabu kuwa moja.

Tatizo, basi, liko kwa mpimaji. Chuo kimoja huliita somo Saikolojia ya Elimu, kingine huliita Misingi ya Saikolojia kwa Walimu. Mada zikiwa zile zile na saa zikikaribiana, bado tofauti ya jina na namba ya somo yaweza kutosha kulikataa. Anayeamua ni mtu wa idara, pengine mwenye kazi nyingine kumi mezani. Asipowekewa siku ya kujibu wala wajibu wa kuandika sababu, mwombaji hupata jibu lake akiwa ameshalipa ada na kuanza vipindi, wakati ambapo hana tena nguvu ya kubishana.

Afrika Mashariki haikuanza hivyo. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Kijana wa Tanganyika alikwenda Makerere kusomea udaktari, na wa Uganda alikuja Dar es Salaam kusomea sheria. Baada ya chuo hicho kugawanyika, kila nchi ilijenga ukuta wake, na baadaye kila chuo kikajenga wake ndani ya nchi. Jitihada za kuibomoa zimekuwapo. Mkataba wa Afrika wa kutambuana masomo na vyeti ulipitishwa Arusha mwaka 1981. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo ina kifungu cha kutambuana sifa za elimu. Itakuwa vigumu kumweleza Mrundi au Mkongo namna krediti zinavyovuka Ziwa Tanganyika iwapo haziwezi kutoka Morogoro hadi Mbeya.

Haki itendeke kwa vyuo pia. Chuo hakiwezi kutoa shahada yake kwa mtu aliyesoma humo muhula mmoja wa mwisho, na fani kama udaktari na uhandisi zina mabaraza na bodi zake za kuridhisha. Aidha, watumishi hawajasahau Aprili 2017, ilipotangazwa kwamba watumishi 9,932 wamebainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa ya kughushi ni chuo kuandikia chuo moja kwa moja na kupata hati ya matokeo pamoja na mihtasari ya masomo. Kumrudisha mwanafunzi mwaka wa kwanza hakuthibitishi cheti chochote. Humwadhibu mkweli kwa kosa la mwingine.

Wala haiwezi kusemwa kwamba jambo haliwezekani. Mapema mwaka 2016, TCU ilipoyafunga matawi ya Songea na Arusha ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, wanafunzi walihamishiwa vyuo vingine kwa agizo la mamlaka. Linalofanywa kwa dharura hapana budi lifanywe kwa kanuni: chuo kinachopokea kitoe jibu la maandishi kabla ya kupokea ada, kitaje kila somo kililokataa na upungufu wake, na mwombaji awe na mahali pa kukata rufaa nje ya idara iliyomkatalia.

Kwa mtoto wa mkulima wa Mpimbwe anayesoma kwa mkopo, mwaka unaorudiwa ni mwaka wa kuchelewa kupata kazi, na akikopa zaidi ili aumalize, deni hilo atalikuta katika makato ya asilimia 15 ya mshahara wake. Kwa mwalimu anayejilipia, ni ada aliyoilipa mara mbili.

Wakati kanuni inasubiriwa, kila anayesoma atunze mihtasari ya masomo yake, si matokeo peke yake, maana kitakachobishaniwa ni mada alizofundishwa. Na mwajiri anapoandaa barua ya uhamisho, ambayo hutaja cheo, kituo kipya na tarehe ya kuripoti, aulize kwanza kama mtumishi huyo yuko masomoni, na amebakiza krediti ngapi.