Sindano na Uzi Wodini: Kazi Ndogo za Ubunifu kwa Wagonjwa Waliotengwa kwa Kifua Kikuu Sugu

Tanzania ilipoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, wagonjwa wa nchi nzima walipelekwa hospitali moja, Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro. Mtu wa Mtwara au Kigoma aliyeambiwa kwamba vimelea vyake vimeshinda dawa za isoniazid na rifampicin alifungasha virago akaenda kukaa kwenye baridi ya mlimani kwa miezi mingi, akichomwa sindano za dawa ambazo kwa baadhi yao ziliondoka na usikivu wa masikio. Leo mambo yamebadilika sana. Matibabu yamesogezwa mikoani, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wagonjwa wengi matibabu ya vidonge vitupu ya miezi sita. Hata hivyo kutengwa hakujaisha. Wapo wanaolazwa kwa wiki kadhaa kwa sababu hali zao ni mbaya. Wapo wanaojitenga chumbani nyumbani, sahani na kikombe chao vimewekwa kando. Na wapo ambao majirani wanaendelea kuwakwepa hata baada ya vipimo vya makohozi kuonyesha kwamba hawaambukizi tena. Mada hii inahusu saa za watu hao, zile ndefu zilizo kati ya dawa ya asubuhi na usingizi wa usiku. Hoja yangu ni kwamba kazi ndogo ya ubunifu, iwe kufuma, kudarizi, kusuka, kuchora au kutunga beti, inastahili kuingizwa kwenye mpango wa matibabu wa mgonjwa aliyetengwa, na kwamba nguvu yake iko katika udogo wake.

Kutengwa humnyang'anya mtu vitu viwili kwa pamoja: watu na matendo. Tumezoea kulisikitikia la kwanza na kulisahau la pili. Wodini chakula huletwa, dawa huletwa, shuka hubadilishwa, muuguzi aliyevaa barakoa huandika joto la mwili na kuondoka. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kuchoma vitumbua, au kijana aliyekuwa akishinda gereji, sasa anamaliza siku nzima bila kuwepo kitu hata kimoja ambacho kisingetokea kama yeye asingeinua mkono. Hapo ndipo unyong'onyevu unapopata mlango. Mtu hafanyi kwa sababu hana hamu, na hamu inazidi kupotea kwa sababu hafanyi. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza duara hiyo miaka ya 1970, na kutokana na mawazo ya aina hiyo ikajengwa tiba ya sonona inayoanzia kwenye matendo: mgonjwa husaidiwa kurudia shughuli ndogo ndogo kwa ratiba, bila kungoja ajisikie vizuri kwanza. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa wapatao 150, ambapo wale waliosaidiwa kurudi kwenye shughuli tu walipata nafuu sawa na wale waliopewa tiba kamili ya kuchambua mawazo yao. Mwaka 2016, jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu wazima 440 lilionyesha kwamba tiba hiyo ya matendo, ikitolewa na wafanyakazi wa ngazi ya chini waliofundishwa kwa muda mfupi, haikuzidiwa na tiba ya kuchambua mawazo iliyotolewa na wataalamu wa saikolojia, na gharama yake ilikuwa ndogo zaidi. Kwa nchi ambayo wataalamu hao ni wachache kama yetu, matokeo hayo si ya kupita juu juu.

Majaribio hayo hayakufanyika katika wodi ya kifua kikuu, wala hayakuhusu kudarizi peke yake. Yanathibitisha njia, hayathibitishi kila chombo kinachoweza kupita katika njia hiyo. Ushahidi ulio karibu zaidi na hali ya kutengwa ulitoka wakati wa UVIKO-19. Watafiti wa University College London waliwafuatilia zaidi ya watu wazima 55,000 kwa wiki 11 za zuio la kutoka nje mwaka 2020, wakitazama jinsi kila mmoja alivyotumia muda wake. Muda wa kutunza bustani, kusoma na kufanya shughuli za kujipendea ulipoongezeka, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Muda wa kufuatilia habari za ugonjwa ulipoongezeka, dalili nazo zilipanda. Mtu makini atapinga hapa: huenda aliyekuwa na nafuu ndiye aliyepata nguvu za kufuma, na wala si ufumaji uliomletea nafuu. Pingamizi hilo ni la haki, na watafiti wenyewe walikiri kwamba mambo hayo mawili yalisukumana kwa pande zote. Lakini walichokilinganisha ni mtu yule yule na yeye mwenyewe wiki hii na wiki ile, si mchangamfu na mnyonge. Na kama kweli mambo yanasukumana pande zote, basi mahali pa kuingilia ni pale mkono wetu unapofika. Hamu hatuwezi kumpa mtu. Uzi tunaweza.

Uhusiano wa kazi hizi na kifua kikuu, kwa kweli, ni wa zamani kuliko dawa zake. George Barton, mmoja wa walioanzisha chama cha kwanza cha tiba kwa kazi nchini Marekani mwaka 1917, alikuwa mwenyewe ameugua kifua kikuu. Mchoraji Adrian Hill alilazwa mwaka 1938 katika hospitali ya kifua kikuu ya Midhurst, Uingereza, na kwa kuwa hakuruhusiwa kutoka kitandani alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu naye. Baadaye aliwafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa, ambalo ndilo linalotumika hadi leo. Fani nzima, basi, ilipata jina lake kutoka kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyetengwa. Historia hiyo ina onyo lake pia. Wapo madaktari wa enzi hizo walioamini kwamba kazi za mikono na za shamba zingetibu mapafu yenyewe. Hazikutibu. Vimelea vilishindwa na dawa, kuanzia streptomycin iliyogunduliwa miaka ya 1940. Tukirudia kosa la kudai mno, tutawapa wapinzani wetu sababu ya kutotusikiliza.

Kwa nini nasisitiza udogo? Tazameni kofia ya viua inavyoshonwa huku pwani. Mshonaji huchora ua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, hutoboa tundu dogo, kisha huzungushia uzi ukingo wa tundu hilo mpaka likae wazi na kukakamaa. Hicho ni kiua kimoja. Kofia nzima ina mamia ya viua na huchukua miezi, lakini hakuna anayelazimika kuibeba miezi hiyo kichwani kwa mkupuo. Mgonjwa aliyechoka anaweza kushona kiua kimoja, akaweka sindano chini, akalala, na kiua kile hakifumuki kwa sababu yeye amelala. Kesho kipo pale pale, na cha pili kitakaa ubavuni mwake. Ukili nao una tabia hiyo hiyo: mwaa juu ya mwaa, pima juu ya pima, hadi urefu utoshe kushona mkeka. Kwa mtu ambaye siku zake hazitofautiani, kuona jana imeacha alama inayoshikika ni jambo kubwa. Ndiyo maana sishawishiki sana na televisheni ya wodini, ambayo wengi hudhani imetosha. Huchangamsha, ndiyo, ila ikizimwa haiachi kitu ambacho mgonjwa anaweza kusema amekifanya.

Asiyeweza kushika sindano ana ulimi. Shairi la mizani kumi na sita kwa mstari, lenye vina vya kati na vya mwisho, linaweza kutungwa kwa kulala chali, na utaratibu wa malumbano unalifanya liwe dawa ya upweke kwa namna ambayo mkeka hauwezi. Mgonjwa hutuma ubeti kwa simu, ndugu au mgonjwa wa wodi nyingine hulazimika kumjibu, na jibu likija lazima lijibiwe tena. Mshairi Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1973. Namtaja kwa heshima, lakini pia kwa tahadhari. Mifano ya watu wakubwa huwatisha watu wa kawaida. Mgonjwa wetu asiambiwe kwamba anatakiwa kutoka wodini na diwani. Ubeti mmoja wenye vina vilivyopinda unatosha, na asipimwe kwa uzuri wake.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la tumbo. Watu wanaougua kifua kikuu wengi wao ni maskini. Aliyelazwa ameacha kibarua, watoto nyumbani hawana ada, naye anapewa uzi wa rangi adarizi maua? Ingekuwa uzi unatolewa badala ya posho ya chakula na nauli, ningekuwa wa kwanza kuupinga. Lakini umaskini haumwondolei mtu akili na moyo, na aliye na shida nyingi ndiye ambaye saa za upweke humrudisha kwenye hesabu ya shida hizo bila kupumzika. Zimbabwe inatupa mfano ulio jirani na hali yetu. Mpango wa Friendship Bench, ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mjini Harare mwaka 2006, hutumia kina bibi wa mitaani waliofundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kati ya waliosaidiwa na kina bibi, na karibu asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mazungumzo hayo, washiriki hualikwa kwenye vikundi ambako watu hukaa pamoja wakifuma mikoba kwa plastiki zilizokwisha kutumika. Mikoba si siri pekee ya mafanikio hayo, na uzito mkubwa ni wa mazungumzo. Ninachokiona ni kwamba watu maskini wa Harare hawakuichukulia kazi ya mikono kama dharau kwa shida zao. Mikoba inauzwa, na hilo ni jema. Huku kwetu nashauri tu kwamba soko lisitangulie. Mgonjwa dhaifu akiwekewa idadi ya vitambaa vya kumaliza kwa wiki, tumemwongezea kitu kingine cha kushindwa.

Pingamizi la madaktari ni zito zaidi: sonona ni ugonjwa, na ukimpa mgonjwa wa sonona kazi ya kufuma unaweza kumchelewesha kupata tiba. Nakubaliana nalo, na katika kifua kikuu sugu lina uzito wa pekee, kwa sababu cycloserine, dawa ambayo bado hutumika katika baadhi ya mipango ya matibabu, inaweza yenyewe kuleta sonona na hata kuchanganyikiwa. Mgonjwa aliyeanza kukosa usingizi na kulia wiki chache baada ya kuanza dawa hiyo anahitaji daktari, na anayezungumzia kujidhuru anahitaji mtu wa kukaa naye usiku huo huo, wala asiachiwe sindano na mkasi. Lakini kazi ya mikono inaweza kuwa msaada kwa daktari, si mshindani wake. Linezolid, iliyomo katika matibabu mapya ya miezi sita, inaweza kudhuru mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, na pia mishipa ya macho. Mgonjwa asiyefanya chochote huenda asilitambue hilo mapema. Yule aliyekuwa akitunga uzi kwenye tundu la sindano bila shida, na leo analikosa mara tatu au hauhisi uzi vidoleni, ametoa taarifa muhimu, mradi tu yupo muuguzi wa kuiandika. Vivyo hivyo, aliyekuwa akishona kila jioni akaacha siku nne mfululizo anatuambia jambo kuhusu moyo wake kabla hajalitamka.

Limebaki suala la hofu na suala la jinsia. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza, na hakiambukizwi kwa kugusa nguo, vyombo au vitambaa. Kofia iliyoshonwa wodini inaweza kuvaliwa msikitini Ijumaa bila hofu yoyote, na familia zielezwe hivyo waziwazi, kwa sababu kuikataa kazi ya mkono wa mgonjwa ni kumtenga mara ya pili. Na kwa kuwa wanaume ndio wengi kati ya wanaougua, tusikubali kauli kwamba sindano ni ya wanawake. Wanaume wa Lamu wameshona kofia vizazi kwa vizazi, na mvuvi yeyote anajua kuziba nyavu zilizochanika.

Ninaloomba kwenu si jengo wala mradi wa wafadhili. Fomu ya kumpokea mgonjwa iongezwe swali moja: nyumbani ulikuwa ukifanya nini kwa mikono yako? Jibu lake lisomwe na muuguzi wa zamu, na stoo ya wodi iwe na uzi, kulabu za kufumia, miyaa, madaftari na penseli. Mkoani Kilimanjaro, hospitali ya KCMC ina chuo kinachofundisha tiba kwa kazi, na wahitimu wake wapo. Waganga wakuu wa mikoa mliopo hapa, waombeni, muwape nafasi kwenye ikama zenu, na muwapeleke kwanza kwenye wodi ambazo wageni hawaruhusiwi kuingia.