IDADI PEKE YAKE HAITOSHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Kwanza natoa shukrani kwa heshima mliyonipa. Najua kwamba mtumishi wa Serikali akipewa kipaza sauti baada ya chakula cha mchana, watu huanza kuutafuta mlango kwa macho. Nitajitahidi nisiwachoshe. Nimeombwa niseme juu ya kazi ninayoifanya, yaani mambo ya wanyama wa porini, na nia yangu ni kuzungumza habari za simba. Lakini niruhusuni nianze na sungura.

Mliosoma nami mnalikumbuka banda la sungura lililokuwa nyuma ya jiko. Lilianza na dume mmoja na majike wawili. Tulipewa daftari, na kila Ijumaa aliyekuwa zamu alihesabu na kuandika. Idadi ilipanda vizuri sana, na daftari letu likasifiwa mbele ya shule nzima. Baadaye vitoto vikaanza kuzaliwa dhaifu. Vingine vilikuwa na meno yaliyopinda, vikashindwa kula, vikafa. Sisi tuliyalaumu majani, tukamlaumu na mpishi. Mwalimu wetu wa kilimo alikuja akatazama kwa kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Hawa baba yao ni nani?" Hatukujibu, maana jibu lilikuwa moja kwa wote. Jumamosi ile mwalimu alikwenda kijijini, akarudi na dume mgeni ndani ya kikapu.

Wakati ule tulicheka. Sikujua kwamba swali lile lingenifuata mpaka ofisini.

Sasa twende Ngorongoro. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi kupita kiasi, nzi wang'atao walizaliana kwa wingi mno ndani ya kreta. Waliwashambulia simba mpaka ngozi zikajaa vidonda na wenyewe wakashindwa kuwinda. Kabla ya hapo simba walikuwa makumi kadhaa. Baada ya pigo lile walibaki kama 10 tu. Miaka michache baadaye madume wachache waliingia kutoka nje, kisha mlango ukawa kama umefungwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 idadi ilikuwa imerudi na hata kuipita ile ya zamani. Mgeni aliyeteremka kreta miaka hiyo aliwaona simba wamejaa, wanono, wamelala juani. Mtu wa ofisini angeandika: hali ni ya kuridhisha.

Lakini walikuwapo watu waliouliza swali la mwalimu wetu. Watafiti wa simba, kina Craig Packer na Anne Pusey, walikuwa wakimtambua kila simba kwa madoa ya mahali yanapoota masharubu, ambayo hayafanani kwa simba wawili. Kwa picha za miaka mingi walifuatilia nasaba, wakaona kwamba simba wote wa kreta walitokana na wazazi wapatao 15 tu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa maabara walichukua damu ya simba wa kreta na ya simba wa Serengeti wakazilinganisha. Damu ya simba wa kreta ilikuwa na tofauti chache zaidi, na madume wao walikuwa na mbegu za uzazi zenye kasoro nyingi kuliko madume wa Serengeti. Kwa macho simba wale walikuwa wazima. Kasoro ilikuwa ndani.

Pengine mtauliza, mtu wa maabara huujuaje undugu wa wanyama ambao hakuona wakizaliwa? Nitaeleza kwa kadiri nilivyofundishwa, na wanabayolojia mlio hapa mtanisamehe.

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili kuna maandishi marefu ya urithi, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mahali fulani fulani katika maandishi hayo kuna kama kigugumizi: CACACACA, mara nyingi mfululizo. Mnyama mmoja anaweza kuwa na marudio 12 mahali hapo, mwingine 15, mwingine 19. Kila mmoja hupokea fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Ukisoma mahali kumi au ishirini pa namna hiyo, unaweza kusema huyu na yule ni ndugu, na huyu ametoka kundi jingine kabisa. Na ukikuta kundi zima lina marudio yale yale kila mahali, unajua kwamba wanazaana ndugu kwa ndugu.

Aghalabu alama hizi hazina kazi mwilini. Ni kama chapa ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe: haimfanyi atoe maziwa zaidi, lakini yatosha kukuambia ametoka zizi gani.

Zamani ilibidi mnyama adungwe sindano ya usingizi ndipo damu itolewe. Siku hizi unywele wenye mzizi au kinyesi kibichi huweza kutosha, kwa sababu tangu miaka ya 1980 kuna njia ya kunakili kipande kidogo cha maandishi hayo mara mamilioni, mfano wa mashine yetu ya kurudufia mitihani, karatasi moja ikatoa rundo.

Ndugu zangu, sasa nifike mahali panaponigusa mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kijana mwenye bidii katika ofisi moja ya wilaya. Lililetwa jalada la eneo dogo lenye kongoni, lililozungukwa na mashamba pande tatu. Upande wa nne kulikuwa na kipande cha ardhi, na watu walikuwa wameomba wagawiwe walime. Niliagizwa nitoe maoni. Nilizitazama hesabu za miaka mitano, nikaona idadi inapanda, nikaandika dokezo sabili la nusu ukurasa: idadi imeongezeka, hali ni ya kuridhisha, hakuna pingamizi. Nikatia sahihi. Mashamba yakagawiwa.

Baada ya miaka alikuja ofisini binti mmoja aliyetoka chuoni, akapewa majalada ya zamani ayasome. Akaja mezani kwangu na dokezo lile mkononi. Akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Samahani, hawa kongoni siku hizi wanapata wapi damu ya nje?" Nikaitikia marahaba, kisha nikanyamaza. Nilimwona mwalimu wetu amesimama kando ya banda la sungura. Kile kipande cha ardhi ndicho kilichokuwa njia yao. Kongoni bado wapo, na hesabu yao haijashuka. Ndiyo sababu hakuna aliyenilaumu. Nami ndiyo sababu sina raha.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba waliopewa mashamba wafukuzwe. Wamejenga, wamezika wazee wao pale, watoto wao wanasoma. Kosa halikuwa lao. Kosa ni langu niliyehesabu vichwa nisiulize ukoo. Wala sisemi kwamba undugu peke yake ndio unaoua. Huko Ngorongoro simba walipungua tena katika miaka ya 1990, na magonjwa yalikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwapiga pia. Lakini ukoo ulio mwembamba ni kama nyumba ya nguzo moja. Siku za shwari inasimama sawa na nyingine. Upepo ukija ndipo tofauti inapoonekana.

Je, dawa ipo? Ipo, ila ina gharama. Kule Florida, Marekani, puma walibaki kati ya 20 na 30 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa na mikia iliyopinda na kasoro za moyo. Mwaka 1995 waliletwa majike 8 kutoka Texas, na 5 kati yao wakazaa. Watoto waliochanganyika walikuwa na nguvu zaidi, na katika miaka iliyofuata idadi ikaongezeka hata mara tatu. Ni lile kapu la mwalimu wetu, isipokuwa kapu hili lilihitaji madaktari, magari na fedha nyingi.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kumwachia mnyama atembee mwenyewe. Hapo nako kuna mwenye kulipa. Kati ya Serengeti na kreta wanaishi Wamaasai na mifugo yao, na simba anayepeleka damu mpya hukutana na ng'ombe njiani. Mzee mmoja wa huko aliniambia, "Wewe unaona damu mpya. Mimi naona zizi lenye pengo." Sikuwa na jibu la haraka. Shirika la KopeLion limekuwa likifanya kazi na vijana wa Kimaasai waitwao Ilchokuti, ambao hufuata nyayo za simba, huwaonya wachungaji, hutafuta mifugo iliyopotea na kusaidia kuimarisha maboma. Naiheshimu kazi ile kwa kuwa inaanza na zizi la mzee yule. Hali kadhalika, mwaka 2018 nchi yetu ilitoa kanuni za kulinda shoroba, yaani mapito ya wanyama. Lakini kanuni ni karatasi mpaka afisa aliye mezani azikumbuke kabla ya kutia sahihi.

Na hapa ndipo ombi langu lilipo. Nikitazama ukumbi huu, nawaona wapima ardhi, wahandisi wa barabara, madiwani, mahakimu, wakulima na walimu. Ni wachache kati yenu watakaoingia maabara, lakini wengi mtaletewa jalada. Litakuwa na jedwali, na jedwali litaonyesha idadi inapanda. Nawasihi, kabla kalamu haijagusa karatasi, ulizeni swali la pili: hawa ni watoto wa nani, na mgeni atapitia wapi? Ikiwa hakuna anayejua, andikeni hivyo: hakuna anayejua, sampuli zichukuliwe kwanza. Kukusanya kinyesi cha kongoni na kukipeleka maabara kunagharimu kidogo kuliko kurudisha njia iliyokwisha kulimwa.

Kwa upande wangu, mimi na binti yule tumeandika dokezo jipya, nalo limewekwa juu ya lile la zamani katika jalada lile lile. Tunaomba fedha za sampuli, na kuna ukanda mwembamba kando ya mto ambao bado haujalimwa, nao wenyeji wamekubali kuuzungumzia. Sijui kama tumechelewa. Safari hii sikuandika kwamba hali ni ya kuridhisha.

Mwalimu wetu wa kilimo hayupo nasi leo, Mungu amrehemu. Angalikuwapo, ningalimwambia kwamba mwanafunzi wake alichelewa kulielewa somo, lakini amelielewa.