SODA KALI YA SABUNI
Mazungumuzo kwa watu wa mugini

Leo tusemezane juu ya kupika sabuni.

Mafuta ya ngazi munayo, na wanunuzi hawako mbali, kwani nguo za mutu wa mugodi zinachafuka kila siku. Ni kazi nzuri. Lakini inataka soda kali, na soda kali haina rafiki. Inageuza mafuta kuwa sabuni. Na ngozi yenu nayo ina mafuta.

Kwanza, chombo. Musitie soda kali katika sufuria ya alumini, ile nyeupe na nyepesi. Itatokota bila moto, itatoboka, tena itatoa hewa inayoweza kuwaka. Kijiko cha alumini ni vile vile. Mutumie ndoo ya plastiki ngumu ama sufuria ya chuma, na muti wa kukorogea.

Pili, mahali. Mufanye inje, mbali na moto, upepo ukitoka nyuma yenu. Meza ya chakula si meza ya soda. Mutafute ubao mumoja wa kazi hii tu. Ubao wa kukatia sombe usiguswe.

Tatu, kuchanganya. Kwa kilo 1 ya mafuta, mupime soda gramu 135 na maji gramu 350. Mupime kwa mizani, si kwa macho. Mutie soda ndani ya maji, kidogo kidogo. Musimwage maji juu ya soda: yatawarukia usoni. Maji yatakuwa moto sana, muyaache yapoe. Muvae glavu na miwani.

Nne, tone likianguka. Mezani, muoshe kwa maji mengi, kisha mupanguse na siki. Siki ni ya meza, si ya mwili. Likiingia jichoni ama likigusa ngozi, mumwage maji safi dakika 20 bila kuacha, kisha mwende kwa munganga. Mutoto akiinywa, musimutapishe. Mumusukutue kinywa, mumupeleke hospitali mbio.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Maji ya soda yanafanana na maji ya kunywa. Mutoto mwenye kiu hachagui kikombe. Basi musiyaweke hata siku moja katika chupa ya bia wala katika kikombe. Muyafunike, na soda iliyobaki muifungie kwa kufuli.

Sabuni inauzwa sokoni. Jicho la mutoto haliuzwi popote.