Sufu na Bugatti

Katika mji wa Mulhouse, jimbo la Alsace, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, lipo jumba la makumbusho lenye magari ya kale yazidiyo 400, yaliyopangwa safu kwa safu chini ya taa zilizoiga zile za daraja la Alexandre wa Tatu mjini Paris. Na ijapokuwa leo wageni huingia humo kwa tiketi na kupiga picha wapendavyo, kwa miaka mingi jengo hilo, ambalo asili yake ni kiwanda cha kusokota nyuzi za sufu, lilikuwa limefungwa, na raia wa kawaida hawakujua kilichomo.

Aghalabu wageni hukimbilia Bugatti mbili za aina ya Royale, nao hawana lawama, kwani Royale zilizopata kuundwa duniani ni 6 tu. Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan aliyeweka karakana yake Molsheim, katika jimbo hilohilo la Alsace, aliazimu kuwauzia wafalme: gari lina urefu upitao mita 6, na injini yake ya silinda 8 ni ya lita 12 na ushei, kiasi cha kulitosha lori la shehena. Lakini majira yalimwendea kinyume, kwa kuwa uchumi wa dunia ulianguka mwaka 1929, wala hapana mfalme aliyenunua hata moja. Wakati ule ziliuzwa 3 tu, na injini zilizosalia zikatiwa katika magari ya reli, zikachukua abiria wa kila namna. Na kwa rai yangu anasa ile haikupata matumizi bora kuliko hayo. Ukisimama mbele ya rejeta ya Royale utamwona juu ya kifuniko chake ndovu mdogo, amesimama kwa miguu ya nyuma na mkonga ameuinua. Asili yake ni sanamu ya Rembrandt Bugatti, nduguye Ettore, fundi hodari wa sanamu za wanyama, aliyefariki mwaka 1916, kabla gari hilo halijazaliwa.

Walioyakusanya magari haya ni ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, raia wa Uswisi waliotajirika kwa viwanda vya sufu. Fritz ndiye aliyeshikwa na mahaba ya Bugatti, akawa ananunua moja moja, kisha kwa jumla, hata mwaka 1964 akachukua kwa mkupuo Bugatti 30 za tajiri wa Illinois, Marekani, aitwaye John Shakespeare, zikasafirishwa kwa treni na kwa meli. Mafundi wakazitengeneza kwa siri, milango imekazwa, ilhali biashara ya sufu inazidi kudorora.

Mwaka 1976 mambo yakaharibika. Kazi zikapunguzwa, mgomo ukazuka, na ndugu wale wakakimbilia Basel, ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Machi 1977 wafanyakazi wakaingia kwa nguvu katika jengo lile, wakakabiliwa na mamia ya magari yaliyopigwa msasa na kung'arishwa. Na wewe msikilizaji wapime mwenyewe moyo wa msokota nyuzi aliyepoteza riziki yake, asimame mbele ya hayo. Hata hivyo hawakuyavunja, isipokuwa Austin moja ndogo isemwayo kuwa ilichomwa moto. Waliyalinda miaka miwili, wakaliita jengo Kiwanda cha Wafanyakazi, wakafungua milango watu waone. Mwaka 1978 serikali ikayaandika kuwa urithi wa taifa, yasipate kutawanywa kwa kulipa madeni, na mwaka 1982 jumba likafunguliwa rasmi.

Wapo wasemao kwamba lau si uroho wa Fritz, Bugatti nyingi zingaliishia kuwa chuma chakavu, na neno hilo lina ukweli, mimi silipingi. Lakini jina la Schlumpf lingali ndani ya jina la makumbusho hadi leo, na mgeni aweza kutembea kutwa nzima baina ya madigadi na honi za shaba asiikumbuke sufu hata mara moja. Lau ningekuwa na amri, ningesimamisha mashine ya kusokotea uzi baina ya zile Royale mbili, na juu yake kibao kionyeshacho mshahara wa msokota nyuzi wa mwaka 1964, kando ya fedha zilizolipwa Illinois mwaka huohuo.