Kura ya Mtu na Neno la Jirani

(Hotuba ya mwanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache kabla ya hesabu za mwaka kusomwa. Nimeombwa nieleze ni nini kinachomvuta mtu apige kura namna hii au namna ile. Wengi hujibu upesi: ni redio, ni magazeti, na siku hizi ni simu. Jibu hilo lina kweli, lakini si kweli yote.

Mwaka 1940, Wamarekani walipokuwa wakichagua baina ya Franklin Roosevelt na Wendell Willkie, mtaalamu Paul Lazarsfeld na wenziwe walikwenda wilaya ya Erie, katika jimbo la Ohio. Waliwahoji watu 600 mara kwa mara, tangu Mei hata Novemba. Wakaona kwamba wengi walikuwa wamekwisha kukata shauri mapema, kwa kufuata dini yao, hali yao ya mali na mahali walipokaa. Waliogeuzwa na kampeni walikuwa wachache. Na wale waliositasita walivutwa zaidi na maneno ya jamaa na jirani kuliko sauti ya redio. Habari ziliwafikia kwanza watu wanaosikilizwa na wenzao, nao wakazipeleka kwa wengine.

Kwetu watu hao ni akina nani? Ni ninyi wazee mlioketi mbele yangu. Mwanachama akisikia habari, huuliza: "Mzee asemaje?"

Simnyoshei mtu kidole. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nilipokea ujumbe katika simu, wenye kuwatukana majirani zetu wa kabila jingine. Sikuuliza umetoka wapi. Niliupeleka kwa watu sita, nao wakauamini kwa kuwa umetoka kwangu. Baadaye Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika fujo zile, nayo ikataja redio za lugha za makabila na ujumbe wa simu miongoni mwa mambo yaliyoeneza chuki. Tangu hapo sijapata kuusahau ujumbe ule.

Sasa nafika kwenye shauri lililo mbele yetu, kwamba chama kitangaze mgombea mmoja na wote tumfuate, kwa kuwa ameahidi kutununulia gari la kuchukulia maiti. Gari twalihitaji, sikatai. Lakini mjane anayekitegemea chama kwa karo ya wanawe atathubutu vipi kukataa neno la chama? Katiba ya nchi ya 2010 yampa haki ya kupiga kura kwa siri. Siri hiyo yamlinda na wakubwa wa serikali, na yamlinda na sisi pia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Chama kisitangaze mgombea. Wagombea wote waalikwe hapa, waulizwe maswali mbele ya wanachama. Na kila mmoja wetu, kabla hajapeleka habari mbele, aulize imetoka wapi.

Chama hiki kiliundwa ili tuzikane na tusaidiane. Tukiamuru kura za watu, siku moja wataogopa kuja kwetu hata katika msiba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tumwachie kila mtu zake.